Skrini Kanisani: Nani Ameshika Maneno?

Ukiingia kwenye makanisa mengi ya mjini siku hizi, kitu cha kwanza kukuvuta macho ni skrini. Maneno ya wimbo yanapita mbele, na kijana mmoja kwenye kompyuta anabadilisha ukurasa. Wazee wengine wananung'unika kwamba hii sasa ni sinema. Vijana nao wanashangaa kelele ni za nini. Ukweli ni kwamba ugomvi huu ni wa zamani kuliko umeme wenyewe.

Twende taratibu. Mwaka 1645 Bunge la Uingereza lilipitisha mwongozo mpya wa ibada. Ulitaka kila anayejua kusoma awe na kitabu chake cha zaburi. Lakini kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mchungaji au mtu mwingine aliruhusiwa kusoma mstari mmoja, watu wakauimba, kisha akasoma unaofuata. Mtindo huo ulienea Scotland na ukavuka bahari hadi makoloni ya Marekani. Faida yake ilikuwa kubwa: hakuna aliyeachwa nje kwa sababu ya kutojua kusoma. Gharama yake ni kwamba maneno yalikaa kinywani mwa mtu mmoja. Akinyamaza yeye, kanisa zima linanyamaza.

Sasa kikaja kitabu. Mwaka 1721 mchungaji Thomas Walter alichapisha kitabu huko Boston cha kuwafundisha watu kuimba kwa kusoma nota. Unadhani walifurahi? Wapi! Miaka miwili baadaye mchungaji mwenzake, Thomas Symmes, aliorodhesha malalamiko yaliyokuwa yakisemwa: kwamba ni jambo jipya, linaleta fujo, linawahuzunisha watu wema, ni ujanja wa kutafuta hela, na mababu walifika mbinguni bila hayo. Yaani weka neno “projekta” mahali pa neno “nota”, na utadhani ni kikao cha wazee wa kanisa cha juzi.

Picha za mwanga nazo zilikuwa na njia yao. Taa ya picha, ile yenye moto ndani, lenzi mbele na picha iliyochorwa kwenye kioo, ilibuniwa Ulaya katika karne ya 17. David Livingstone alitembea nayo Afrika. Mwaka 1854, kwa chifu Shinte kwenye maeneo ya Zambezi ya juu, aliwaonyesha watu Abrahamu akiwa ameinua kisu juu ya Isaka. Alipoanza kuiondoa, picha ikaonekana kama inasogea kuwafuata akina mama, nao wakatimua mbio. Lakini hayo yalikuwa maonyesho ya kuvutia watu wasikilize. Ibada yenyewe iliendelea bila taa.

Kilichoingiza skrini ndani ya ibada ni maneno, na hapa fizikia inaingia. Lenzi ya kawaida ikiwa kubwa inakuwa nene na nzito. Mfaransa Augustin Fresnel aligundua kwamba kazi ya kupinda mwanga inafanywa na uso wa lenzi, kwa hiyo unene wa ndani unaweza kupunguzwa. Unabaki na duara zenye ngazi, moja ndani ya nyingine. Mwaka 1823 lenzi yake iliwekwa kwenye mnara wa taa wa Cordouan, Ufaransa, kuongoza meli. Karne moja na zaidi baadaye, lenzi ya aina hiyo, bapa na ya plastiki, iliwekwa chini ya kioo cha projekta ya darasani, ile unayoweka karatasi ya plastiki juu yake na maneno yanatokea ukutani.

Makanisa yaliipenda kwa sababu rahisi: wimbo mpya. Kitabu cha nyimbo huchukua miaka kutayarishwa. Karatasi ya plastiki na kalamu vinahitaji dakika tano. Shida ikawa haki za watunzi, maana kila aliyenakili wimbo bila ruhusa alikuwa anavunja sheria. Mwaka 1988 ikaanzishwa CCLI huko Marekani, ambapo kanisa hulipia leseni kulingana na idadi ya waumini wake.

Mwaka mmoja kabla, 1987, yalitokea mambo mawili. Programu ya PowerPoint iliingia sokoni, na Larry Hornbeck wa Texas Instruments akabuni chipu yenye vioo vidogo kuliko upana wa unywele, ambavyo hugeuka maelfu ya mara kwa sekunde kuchora picha kwa mwanga. Chipu hiyo ndiyo imo ndani ya projekta nyingi za leo.

Sasa tazama duara lilivyofungwa. Skrini imeturudisha mwaka 1645: mtu mmoja anatoa mstari, wengine wanafuata. Tena imewarudisha ndani wasio na hela ya kitabu, wageni, na wenye macho hafifu. Hilo si jambo dogo.

Lakini kitabu kilikuwa kimempa muumini kitu ambacho skrini haimpi. *Tenzi za Rohoni* au *Mwimbieni Bwana* unakwenda nacho nyumbani. Unakifungua msibani, kwenye ibada ya jumuiya, usiku ukiwa peke yako. Beti zote ziko mbele yako, wala hakuna wa kuamua kwamba leo tunaruka ubeti wa tatu. Kwaya zilizojifunza kwa sol-fa zilikuwa zikipokea wimbo na sauti zake nne; kwenye skrini kwa kawaida yanabaki maneno matupu.

Kwa hiyo kanisa linalonunua skrini lisiishie kuuliza bei ya projekta. Lijiulize pia: umeme ukikatika katikati ya ubeti wa pili, ni wangapi watakaoendelea kuimba?