Kipya Kinyemi

Wazee walisema: «Kipya kinyemi, ingawa kidonda.» Siku hizi twasikia watu wengi wakiungama kwamba telefone mpya haiwafurahishi tena kama zamani. Je, ni uzee tu? Tuiulize historia.

Mwezi wa Oktoba 1954 ilitangazwa huko Marekani Regency TR-1, radio ya kwanza ya transista iliyouzwa madukani. Bei yake dolari 49.95. Kwa kawaida radio ilikuwa chombo cha nyumba nzima, baba, mama na watoto wakiizunguka. Hii iliingia mfukoni, na kijana aliweza kuondoka nayo peke yake. Watu waliistaajabia, miaka ikapita, ikawa kitu cha kila siku.

Tarehe 1 Julai 1979 Sony ya Japani ilitoa Walkman, chombo cha kusikilizia kaseti njiani. Akio Morita, mkubwa wa kampuni hiyo, aliogopa kwamba kusikiliza peke yako mbele ya wenzako ni kukosa adabu. Ndiyo maana ile ya kwanza ilikuwa na matundu mawili, ili wawili wasikilize pamoja. Lakini kila mtu alitaka yake. Nayo ikazoeleka, na mwaka wa 2010 Sony iliacha kutengeneza Walkman ya kaseti kwa ajili ya Japani.

Tarehe 29 Juni 2007 iPhone ilianza kuuzwa Marekani, na watu walilala nje ya maduka wakiingoja. Sisi tuliokuwa mbali tuliitamani vilevile. Miaka kumi baadaye, telefone za namna hiyo zilizouzwa duniani zilikuwa karibu miliari moja na nusu, lakini hazikuongezeka tena kwa kasi ya zamani. Mpya ilifanana mno na kuukuu, tena bei ilipanda: iPhone X ya 2017 ilianzia dolari 999.

Basi, ugeni ukiisha, shauku nayo huisha. Tusihuzunike, maana jicho lililoacha kustaajabu laweza sasa kutazama vizuri. Nasi wa Kongo tuna la kutazama. Mwaka wa 2000 viwanda vilitafuta sana tantali, madini yanayotoka katika koltani na kutumiwa ndani ya vyombo hivyo. Bei ikapanda ghafula. Wakulima wengi wa Kivu wakaacha mashamba, wakaenda kuchimba. Wenye bunduki nao wakafuata mali hiyo. Mwaka wa 2001 bei ikaanguka. Mashimo yakabaki milimani, na mashamba mengine hayakuwa yamelimwa.

Kwa hiyo mwenzetu akituonyesha telefone mpya, tusimcheke. Tuishike mkononi, tujiulize pamoja naye: itamfaa nani, na nani ameilipia kabla yetu? Na ile ya zamani, ikiwa bado yasema na kusikia, tuitunze.