Bédé: watu wanasoma nini, na za kwetu ziko wapi?

Ukiuliza watu wa Kamina ni bédé gani wanasoma siku hizi, mara nyingi majibu ni yale yale. Wakubwa watakuambia Tintin. Vijana watakuambia Naruto na One Piece, na hao wanasomaka paka mu telefone. Wachache sana njo watakutajia kitabu cha huku kwetu. Lakini vitabu hivyo viliandikwa: kimoja juu ya mine ya Kolwezi, kingine juu ya watu waliofukuzwa Katanga na treni zilizowabeba kupitia gare yetu, kingine juu ya vita ya ziwa Tanganyika. Kazi iko kuvipata. Na ukikipata kimoja, kazi ingine ni kumukopesha mutu atakayekirudisha.

Kwanza tusikilizane juu ya neno. Bédé, ao bande dessinée kwa kirefu, ni hadithi inayosimuliwa kwa mapicha yaliyopangwa mu visanduku, na maneno ya watu yanaandikwa ndani ya vipovu. Haiko ile katuni moja ya gazeti yenye kuchekesha wakubwa wa inchi. Bédé iko na mwanzo na mwisho, na mutoto asiyejua kusoma bado anaweza kuifuata kwa macho.

Tintin tumalizane naye mbio. Hergé, mubelgiji, alianza kuchora safari ya Tintin mu Congo mwaka 1930, na yeye mwenyewe hakufika huku hata siku moja. Mu chapa ya kwanza Tintin anafundisha watoto wa Congo juu ya « inchi yao, Ubelgiji ». Mu chapa ya rangi ya 1946 somo lile likabadilishwa, likakuwa la hesabu. Namna watu weusi walivyochorwa, ile haikubadilika sana. Mwaka 2007 mucongomani mumoja alishtaki kitabu mbele ya tribinali ya Bruxelles, na mwaka 2012 akakatazwa haki. Kuna wacongomani wanakisoma na kucheka, kuna wengine kinawakasirisha. Mimi ninasema kisomwe, lakini kisikuwe kitabu cha kwanza cha mutoto.

Wacongomani wenyewe walianza kuchora zamani. Kinshasa, mwaka 1968, gazeti Jeunes pour Jeunes lilitoka na hadithi za vijana wa kartye, na polisi Apolosa mwenye watu walimujua kila mahali. Mu vipovu vyake walisema sawa vijana wa barabara walivyosema, hawakusema kifaransa ya masomo. Kisha, mwaka 1990, Papa Mfumu'Eto akaanza kuuza mu barabara za Kinshasa vibuku vyake vya karatasi ya bei chini, mu lingala. Hadithi yake ya kwanza ni ya mwanaume anayegeuka boa, anamumeza mwanamuke, kisha anatapika feza. Mu wakati ule wa Mobutu, wasomaji hawakukosa kujiuliza boa ni nani. Leo kama unataka kuona sehemu kubwa ya kazi ile, inafaa uende Marekani, mu université ya Florida, juu ni wao waliihifadhi. Huku kwetu karatasi za namna ile zilimalizika kwa kufungia karanga.

Sasa Katanga. Kampani ya shaba ilikuwa na gazeti lake, Mwana Shaba, na la watoto, Mwana Shaba Junior. Familia nyingi za wafanyakazi zilijifunza kusoma bédé mule. Lakini jina la kushika ni Pie Tshibanda, aliyezaliwa Kolwezi mwaka 1951, mutu wa saikolojia na mwandishi. Yeye aliandika maneno, wengine wakachora. Alerte à Kamoto, ya mwaka 1989, inatuingiza mu mine ya Kamoto. Les refoulés du Katanga, ya miaka ya 1990, iko nguvu zaidi. Inasimulia namna watu wenye asili ya Kasaï walivyofukuzwa mu Likasi, Kolwezi na miji mingine mu miaka ya 1992 na 1993: watu kulala mu magare na mizigo yao, kungojea treni wiki na wiki, watoto na wazee kufa mu njia. Tshibanda mwenyewe iko na asili ya Kasaï, na mwaka 1995 alikimbilia Ubelgiji.

Treni za kwenda Mwene-Ditu na Kananga zinapita Kamina, hakuna njia ingine ya chuma. Kwa hiyo kitabu hiki hakisimulii mambo ya mbali. Wazee waliowaona watu wale bado wako, na wale waliofukuzwa, wengine walirudi na wanaishi na sisi. Mimi ninaona kisisomwe peke yako mu chumba kama hadithi ya kupitisha wakati. Kisome, kisha uliza mama ao baba mukubwa mwenye alikuwa hapa. Atakueleza ambayo mapicha hayakuonyesha, na pengine atakatalia mengine.

Ukifuata njia ingine ya chuma, ile ya Kabalo, unafika Kalemie, na huko njo kuna Madame Livingstone. Kimechorwa na Barly Baruti, mutoto wa Kisangani, na kuandikwa na Christophe Cassiau-Haurie, mwaka 2014. Ni vita ya kwanza ya dunia: ofisiya mubelgiji anatafuta meli ya wadeutschi, Graf von Götzen, na mwongozaji wake ni mutu wa huku anayevaa kilt ya waskoti. Meli ile haiko ya kutunga. Inaitwa Liemba leo, na kituo chake ni Kigoma, ngambo ya Tanzania. Kwa kuchora mwangaza wa ziwa, sijaona anayemupita Baruti.

Pat Masioni yeye alianza na bédé za Biblia mu imprimerie ya wakatoliki Kinshasa. Kisha alichora mauaji ya Rwanda, na kisha kazi kwa Wamarekani, mu Unknown Soldier, hadithi ya vita ya kaskazini ya Uganda.

Karibu vyote hivi viko mu kifaransa, na bei yake iko nguvu. Nairobi, mwaka 2010, Shujaaz ilianza kugawanywa bure, mu sheng na kiswahili, na vijana waliipokea. Bédé ya kiswahili yetu ya Katanga, ao ya kiluba, mu Kamina hauioni. Njo maana mu manyumba mukubwa anasoma kipovu mu kifaransa, anakigeuza mu kiswahili, na wadogo wanaangalia picha.

Kama uko na bédé ya zamani, zaidi ya hizi za Tshibanda ao Mwana Shaba Junior, ifunge mu plastiki, uiweke mbali na muchwa. Kabla ya kuikopesha, andika jina lako ndani na jina la anayeichukua mu kaye. Na kama unaipiga picha kwa WhatsApp ili rafiki asome, kila ukurasa uandikie namba. Picha zikifika zinachanganyika, na mutu anajikuta amesoma mwisho mbele ya mwanzo.