Maziwa ya Mama Mkubwa, Sehemu ya 3: Vile Visindano vya Kwenye Titi

Leo naandika kwa sababu ya mama mmoja anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo. Ana miaka 42, mtoto wake wa mwisho yuko sekondari. Mdogo wake alifariki akaacha kichanga. Siku ya 12 sasa anakiweka titini, huku akikinywesha maziwa ya kopo kwa kikombe. Alinifuata hapa Mnazi Mmoja akaninong'oneza, "Nesi, matiti yanakuwa mazito, visindano vinapita ndani, na tumbo la chini linakaza. Ni saratani hii au mimba?"

Nikampima. Uvimbe hakuna, mimba hakuna. Nikamwambia, mama, kaa kwanza.

Yule Livingstone wa Ujiji, ambaye mwili wake ulipitia Bagamoyo mwaka 1874, aliandika katika kitabu chake cha 1857 habari za mwanamke wa Kuruman, kusini mwa Afrika, aitwaye Masina. Ilishapita miaka 15 tangu Masina aache kunyonyesha. Binti yake Sina akajifungua mapacha. Bibi akamchukua mmoja, akampa titi, na maziwa yakatoka hadi yakamtosha mtoto. Masina alisikia nini kifuani? Hilo halikuandikwa. Wanaume wa zamani hawakuwa na habari nalo!

Na hapa pwani wazee wetu walilijua kabla ya Livingstone. Kwa Shafii, mtoto chini ya miaka miwili akinyonya mara tano, huyo aliyemnyonyesha ni mama yake, wala halikuwekwa sharti kwamba awe amejifungua. Kwa hiyo mama wa Kiislamu ajue mapema: watoto wake wanakuwa ndugu wa kunyonya wa huyo mtoto, hawaoani.

Sasa visindano. Mwaka 1906 daktari Mwingereza, Henry Dale, aligundua kwamba majimaji ya tezi iliyo chini ya ubongo yanakaza mji wa mimba wa paka. Mwaka 1910 Ott na Scott wakaona majimaji hayohayo yanashusha maziwa ya mbuzi. Kumbe ni kitu kimoja! Kinaitwa oksitosini, mwaka 1953 du Vigneaud alikitengeneza maabara, na 1955 akapata Tuzo ya Nobel. Mtoto akivuta chuchu, oksitosini inabana vifuko vya maziwa, ndiyo visindano, na inabana mji wa mimba, ndiyo tumbo kukaza. Mwingine anasikia kiu ghafla. Yule mama alicheka, akasema, "Kumbe tumbo langu bado linakumbuka."

Ila tusidanganyane. Visindano havipimi wingi wa maziwa, na wapo wasiosikia kitu na maziwa yanatoka. Mwaka 1981 Auerbach na Avery wa Marekani walichapisha habari za wanawake 240 walionyonyesha watoto wa kulea. Wengi walilazimika kuongezea maziwa mengine. Kwa hiyo kikombe usikitupe kwa kuwa titi limechomachoma. Angalia mkojo wa mtoto, na mzani wa kliniki kila wiki.

Kabla ya kumpa titi mtoto asiye wako, pima VVU. Nasema bila aibu, hata kama ni mtoto wa dada yako. Vidonge vya kuleta maziwa usinunue kwa ushauri wa shoga yako. Na ukiona uvimbe usioondoka, damu kwenye chuchu, au titi moja jekundu lenye moto na homa, hivyo si visindano. Njoo siku hiyohiyo.

Juzi yule mama karudi na doa kwenye khanga. Nikadhani ni maziwa ya kopo. Akajifunika vizuri, akaminya titi la kushoto. Tone moja, la njano, likasimama kwenye chuchu. Tukalitazama wote wawili, halafu mtoto akalia.