Kufunga, Kufungua na Kupigilia: Viungo vya Meli ya Liemba

Katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji, kuanzia Rusimbi hadi bandarini, historia ya meli ya Liemba husimuliwa mara nyingi kama kisa cha vita. Masimulizi hayo yana haki yake, lakini yanafunika jambo ambalo fundi na mwanaisimu wangelitambua mapema: uhai wa chombo hicho umetegemea aina za viungo vyake.

Neno kiungo, litokanalo na kitenzi unga, ni pana mno. Hulitaja goti la mwanadamu, likalitaja pia ungio la mabamba mawili yasiyosogea. Mafundi ndio wanaopambanua. Bolti hufungwa na, kwa kauli ya kutendua, hufunguliwa. Ribiti hupigiliwa: hutiwa motoni hadi iwe nyekundu, husukumwa tunduni, kichwa chake hupondwa ingali na moto, nayo ipoapo hunywea na kuyabana mabamba. Kitendo hicho hakitenduliki. Atakaye kuiondoa sharti aikate.

Meli hiyo, ambayo awali iliitwa Graf von Götzen, iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kwanza kwa bolti, kusudi ifunguliwe. Vipande vyake vilisafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha kwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Hapo Kigoma ndipo Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, pamoja na wafanyakazi wa Kiafrika ambao majina yao hayatajwi katika masimulizi yaliyozoeleka, walipoipigilia ribiti. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Ni sawa, basi, kusema kwamba ilifungwa Papenburg, ikaungwa Kigoma.

Viungo visogeavyo vilipata mtihani wao mwaka uliofuata. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya hapo mitambo ilipakwa grisi nzito. Dhahiri walitaraji kuirudia. Walioiibua ni Waingereza, mwaka 1924, wakakuta mitambo ingali inafaa, na tarehe 16 Mei 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini za mvuke ziliondolewa katika miaka ya 1970, zikawekwa za dizeli. Mwili uliopigiliwa Kigoma ulibaki.