Ajabu na Kioja: Somo kutoka Mbale

Neno "ajabu" lilitufikia kutoka Kiarabu. Kwalo twapata "maajabu", "kustaajabu" na "kustaajabisha". Na kwa asili hiyohiyo jumba la Sultani Barghash, lililojengwa Unguja mwaka 1883, liliitwa Beit el Ajaib. Jirani yake ni "kioja", ila maneno haya hayalingani. Ajabu humfanya mtu atafakari. Kioja humfanya akodoe macho, na mara nyingi acheke.

Tuyapime kwa historia ya Mbale. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliitwaa sehemu kubwa ya Uganda Mashariki kwa manufaa ya Waingereza, akaweka makao yake Mbale mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya Waingereza kumpunguzia madaraka, alizama katika Agano la Kale. Mwaka 1919 alitahiriwa, akawatahiri na wanawe, akatangaza kuwa yeye ni Myahudi. Wafuasi wake huitwa Abayudaya.

Kwa Waganda, ambao jadi yao haina tohara, tendo hilo lilikuwa la ajabu. Wamasaba, wenyeji wa Mbale, huwatahiri vijana wao katika sherehe za imbalu. Kwao kisu hakikuwa kigeni, kigeni kilikuwa dini. Kumbe jambo lilelile huwa ajabu kwa huyu na mazoea kwa yule.

Wahenga walisema: ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na Abayudaya wakaendelea kusali. Katika miaka ya 1970 utawala wa Idi Amin ulipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, wachache walisali kwa siri mpaka Amin alipoangushwa mwaka 1979.

Leo Ibara ya 29 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inalinda uhuru wa dhamiri na wa kuabudu. Haikuweka sharti kwamba imani iwe ya wengi, wala iwe imezoeleka. Raia ana ruhusa ya kustaajabia ibada ya jirani yake, hata kumwuliza maana yake. Akishamfanya kioja, ameanza kumwandalia Firauni njia.

Zoezi: tunga sentensi mbili juu ya desturi moja ya kwenu, moja kwa "ajabu" na nyingine kwa "kioja". Kisha jiulize ni ipi ungependa mgeni aitumie.