Palma: Jahazi, Nauli na Lugha

Wengi wetu tunaofundisha historia ya Kiswahili huikomesha ramani kwenye mto Ruvuma. Tunachora ubaoni mstari kutoka Barawa hadi Mtwara, kisha tunaweka chaki chini. Mabaharia hawakuishia hapo. Kwao Palma, katika ghuba ya Tungi, ilikuwa kituo kimojawapo cha njia iliyoendelea hadi Mocímboa da Praia na Ibo.

Msafiri asiye na fedha nyingi alipanda jahazi la mizigo. Alilipia nafasi ya kutandika mkeka juu ya shehena, chakula akajibebea. Unafuu wa nauli ulilipwa kwa muda. Kusi, linalovuma takriban Aprili hadi Septemba, lilimpeleka Kilwa na Unguja. Kurudi kulingoja kaskazi, kati ya Novemba na Machi. Aliyechelewa alikaa ugenini miezi kadhaa, akachuuza, akaoa, akasoma chuoni. Kwa maoni yetu, miezi hiyo ya kungoja upepo ilieneza Kiswahili kuliko safari yenyewe.

Watawala walibadilishana. Sultani wa Zanzibar alidai Tungi ni yake hadi Wareno walipoiteka mwaka 1887. Wajerumani waliishika Kionga mwaka 1894, Wareno wakaitwaa mwaka 1916. Njia ya majahazi ilibaki. Hata masheikh na machifu wa pwani hiyo, katika karne ya 19, waliwaandikia maofisa wa Kireno kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, na barua hizo zimehifadhiwa Maputo. (Ni wanafunzi wetu wangapi waliowahi kuzisoma?)

Bahari ileile imekuwa njia ya wakimbizi. Oktoba 2020 maelfu walishuka kwenye mashua katika ufukwe wa Paquitequete, mjini Pemba ya Msumbiji, wakikimbia vita. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, meli ya abiria Sea Star ilibeba zaidi ya watu elfu moja kutoka Afungi hadi Pemba. Wengi wamerejea tangu hapo, wengine wangali mbali na kwao. Miongoni mwao wamo wasemaji wa Kimakwe, lugha ambayo Maud Devos aliiandikia sarufi iliyotoka mwaka 2008, na wa Kimwani, jirani yake wa kusini. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu na aanze kwa kuwauliza wazee wao majina ya pepo, ya matanga na ya vituo vya njiani.