Hela ya Songea: albamu ya sarafu kwa mfuko mwembamba

Haya wadau, leo tuachane na siasa kidogo, tuongelee hela. Na ninaposema hela namaanisha hela yenyewe, sarafu, maana neno hilo tunalolitamka kila siku ("sina hela bwana!") limetokana na Heller, sarafu ya Wajerumani iliyotumika hapa kwetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kwa muda sasa nakusanya sarafu za zamani ambazo hazijatumika, yaani zilizotoka kiwandani zikawekwa, bado zina mng'ao wake. Mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua, kwa hiyo nimejiwekea utaratibu: elfu kumi kwa mwezi, na sarafu moja tu ya kila aina. Anayetaka kila mwaka na kila alama ya kiwanda atafilisika.

Pa kuanzia kwa bei nafuu ni sarafu zetu za mwaka 1966, za kwanza za Benki Kuu ya Tanzania. Senti tano ina samaki sulisuli, senti ishirini mbuni, senti hamsini (thumni) sungura, na shilingi ina Mwenge. Upande wa pili yupo Mwalimu. Ukitaka kujua kama imetumika, tazama shavu lake na nywele juu ya sikio, sehemu zilizoinuka ndizo hulika kwanza. Ukiinamisha sarafu kwenye mwanga, mng'ao uzunguke bila kukatika. Na tafadhali usiisugue kwa majivu, limao wala dawa ya meno! Sarafu iliyosuguliwa huwa haihesabiwi tena kuwa haijatumika. Epuka pia vifuko laini vya plastiki vyenye harufu, vinaota ukijani kwenye shaba.

Nyuma ya hapo zipo za East Africa, zilizoanza na Bodi ya Sarafu ya mwaka 1919. Senti tano (ndururu) na senti kumi zina tundu katikati na pembe mbili za ndovu. Shilingi zake za kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha halisi, kwa hiyo hizo subiri mwezi wenye posho.

Sasa tuje kwa Mjerumani, na hapa ndipo Songea inapoingia. Kuanzia 1890 rupia moja ilikuwa pesa 64 (naam, pesa nayo ilikuwa sarafu). Mwaka 1904 zikaanza kutengenezwa heller, 100 kwa rupia. Za heller moja zilitengenezwa kwa mamilioni, zina taji la kifalme na maneno Deutsch Ostafrika. Ambazo hazijatumika zipo, nyingi mikononi mwa wauzaji wa Ulaya, na bei yake inapanda kwa sababu hazikuguswa.

Nikajiuliza: hazikuguswa na nani? Boma la Wajerumani lilijengwa Songea mwaka 1897. Mwaka huohuo ikatangazwa kodi ya nyumba, rupia tatu. Mkulima aliyekuwa na mahindi, mbuzi na jembe lake akatakiwa atafute sarafu, na sarafu alikuwa nayo mzungu au mfanyabiashara. Baada ya 1904 kodi hiyo ilikuwa sawa na heller 300, zaidi ya kilo moja ya shaba ukiipima. Kodi ya fedha taslimu na kazi za lazima vilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Mwaka 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa hapa mjini, akiwemo Songea Mbano ambaye mji umebeba jina lake. Kila Februari 27 tunawakumbuka kwenye makumbusho ya Majimaji.

Kwa hiyo heller inayong'aa mpaka leo haikupita kwenye kiganja cha mlipa kodi. Ilibaki kasha la benki au ilirudi Ulaya na ofisa. Iliyopita huku kwetu imelika, taji limefutika nusu. Sokoni ndiyo rahisi kuliko zote.

Hivyo ukurasa wa kwanza wa albamu yangu nimevunja kanuni kwa makusudi: nimeweka heller moja iliyochakaa. Kurasa nyingine zote ni sarafu safi, kuanzia 1966.

Kwa anayetaka kuanza wikiendi hii: mwombe mhudumu wa benki sarafu mpya za shilingi 50, 100, 200 na 500. Jumla shilingi 850, hata chips mayai haipati. Ukiwa nazo, mtembelee babu au bibi ukaulize kuhusu kopo la sarafu lililo chini ya kitanda. Akikupa, usiioshe. Muulize kwanza alilipwa kwa kazi gani, uandike.

Alamsiki.